Helmeti Niliyoipima Juu ya Rasta

Juzi saa tano usiku mama mmoja wa Arua, hapa hapa Uganda, aliniandikia. Binti yake wa miaka kumi ameanza kriketi ya mpira mgumu, mwalimu amesema kila mtoto aje na helmeti yake, na ile waliyoazima kwa jirani haiingii kichwani kwa sababu mtoto amesukwa rasta. "Rasta nimelipa Sh 45,000, hazina hata wiki mbili. Nifumue, dada, au nitafute helmeti kubwa zaidi? Si kichwa chenyewe bado kinakua?"

Nilimjibu mstari mmoja: usinunue kitu mpaka nikuandikie. Halafu usingizi ukakata. Swali lake lilinifika mimi Desemba ya 2024, nikalijibu vibaya, na jibu langu liko juu ya nyusi ya kushoto ya mwanangu mpaka leo.

Nianzie mbali kidogo. Nimekulia Jinja, kambini, baba yangu akiwa askari. Kiswahili changu ni cha kambi, na akili yangu ya kununua vitu ni ya kambi vilevile. Tulikuwa watoto saba na mshahara mmoja. Kiatu cha shule kilinunuliwa namba mbili mbele, kikajazwa gazeti kwenye ncha, na mama akasema, "Atakijaza." Sweta lilitufika mapajani. Hakuna aliyeona kosa, na kwa sweta mpaka leo sioni kosa. Nilipoolewa nikaja Kampala, neno hilo la mama nililibeba pamoja na sufuria zangu.

Kriketi iliingia nyumbani kwetu usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 2024. Uganda ilikuwa kwenye Kombe la Dunia la ova ishirini kwa mara ya kwanza, inacheza na Papua New Guinea kule Guyana, na kwa saa zetu mechi ilianza saa nane na nusu usiku. Mume wangu aliwasha televisheni kwa sauti ya chini. Binti yangu, wakati huo ana miaka tisa, akatoka chumbani na blanketi mabegani na hakuna aliyemrudisha. Wapinzani walitolewa kwa mikimbio 77. Frank Nsubuga, mtu wa miaka 43, alirusha ova zake nne, kila ova mipira sita, akaachia mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili, yaani akawatoa wapigaji wawili. Halafu zamu yetu ikawa ya kutesa, wiketi zikianguka moja baada ya nyingine mpaka saba, lakini tukafika 78. Nje kulikuwa kunakaribia kupambazuka. Mtoto akasema anataka kuwa pale. Hakusema anataka kutazama tena. Alisema kuwa pale.

Miezi ya mazoezi ya mpira laini naiacha. Krismasi ilipokaribia, shangazi yao, ssenga kama tunavyoita hapa Buganda, alikuja na zawadi ya rasta nene zilizofika mgongoni, akalipa mwenyewe saluni. Mtoto alipendeza, sikatai. Usiku huo alilala kifudifudi kwa maumivu, na asubuhi vipele vidogo vilikuwa vimejipanga kwenye paji la uso, pale nywele zinapoanzia. Nikampa kidonge cha maumivu, nikamwambia uzuri una gharama yake. Maneno hayo leo nayaonea uchungu.

Wiki hiyohiyo nilikwenda kununua helmeti, kwa sababu Februari alikuwa anahamia shule inayocheza mpira mgumu. Dukani muuzaji alimvisha saizi ya watoto, ikakaa juu ya rasta kama kifuniko kwenye chungu kilichojaa. Akamvisha iliyofuata, ikaingia. Muuzaji, kijana mstaarabu, akaniuliza, "Mama, huwa anasuka hivi siku zote?" Nikamwambia ndiyo, na hata asiposuka, atakua ataijaza. Nililipa Sh 190,000 nikatoka nimenyanyua kichwa, mzazi aliyetimiza wajibu.

Siku ya kuripoti shuleni tuliambiwa langoni kwamba nywele zote zinashuka. Kwenye karatasi ya mahitaji walikuwa wameandika "nywele nadhifu", nami nikadhani nadhifu ni kusukwa vizuri. Kinyozi alikaa chini ya mwembe na mashine moja, watoto wamepanga foleni, nywele zimejaa chini kama manyoya siku ya kuchinja kuku. Nilikaa kwenye ukingo wa saruji nikifumua rasta za ssenga moja moja, saa mbili nzima. Wakati huo alipita mtoto mwenye nywele za singa zimefungwa kisogoni, akaingia darasani bila kuguswa. Nikauliza. Nikajibiwa kwamba zile ni rahisi kutunza.

Mwanangu alisikia. Hilo sijalimeza. Kunyolewa kwenyewe si msiba, mimi nilinyolewa miaka yangu yote ya shule na nilipenda ubaridi wa asubuhi kichwani. Kinachoniuma ni mtoto ambaye hajafika miaka kumi kuambiwa mbele ya wenzake kwamba kilichoota kichwani mwake ni mzigo kwa watu wazima. Kama sheria ni usafi, basi iwe sheria kwa kila kichwa. Nimeyasema hayo kwenye kikao cha wazazi na nitayasema tena.

Kwa hasira hiyo nilisahau helmeti.

Rasta zilikuwa zimeondoka na unene wa kidole kizima kila upande. Mtoto alipoivaa ilicheza, mwalimu akamwambia akaze mkanda wa kidevu, akakaza. Lakini mkanda huzuia helmeti isidondoke tu, hauizuii kuzunguka. Wiki ya tatu ya muhula, mpira uliruka kwenye mkeka wa kuchezea ukampiga pembeni ya kichwa. Mpira wa watoto una gramu 135 hivi, si wa kuua kama helmeti imekaa sawasawa. Yake iligeuka kichwani, na ukingo wa vyuma vya kukinga uso ukampasua juu ya jicho. Nyuzi nne. Daktari alinyoosha kidole chake akanionyesha: upana huu kushuka chini, tungekuwa tunazungumza habari za jicho.

Nami nilikuwa najua. Mwaka 2014 Phillip Hughes wa Australia alipigwa na mpira shingoni, chini ya pale helmeti yake ilipoishia, akafariki siku mbili baadaye. Mume wangu alinisimulia habari hiyo kabla hatujanunua chochote. Nilijua, na bado nilipima helmeti juu ya nywele za likizo.

Basi nikaiweka kando ile helmeti, mtoto akawa anatumia za shule, zinazovaliwa na kila anayeingia kupiga. Kufikia muhula wa pili akaanza kujikuna kisogoni. Nikaona duara dogo lenye magamba meupe, nywele zimekatika, halafu la pili karibu na sikio. Mapunye. Sijui kama aliyatoa kwenye helmeti au kwenye ile mashine ya chini ya mwembe, vyote viwili vilipita kwenye vichwa vingi. Nilipoteza wiki sita nikipaka krimu za dukani na vitunguu saumu vya ssenga. Zahanati ndipo walinieleza kwamba kuvu wa mapunye huingia ndani ya unywele wenyewe, kwenye shina, mahali ambapo krimu haifiki. Dawa ni ya kumeza. Alipewa griseofulvin, wiki nane, kila siku, na tukaambiwa aimeze pamoja na chakula chenye mafuta ili mwili uifyonze vizuri. Tulimpa na mchuzi wa karanga. Wiki ya tatu madoa yalianza kufifia na majirani wakasema amepona, lakini hatukuacha. Ukiacha katikati, yanarudi. Machanuo tuliyagawa, kila mtu na lake, foronya zikafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Kwa hiyo, mama wa Arua, na wote mnaonisoma mkiwa na mtoto uwanjani: fumua rasta. Zitakuuma Sh 45,000, zimeshaliwa, ziache ziende. Pima kichwa cha mtoto jinsi kitakavyokuwa siku nyingi za mwaka. Kama shule inanyoa, pima kilichonyolewa. Chukua utepe wa fundi cherehani, zungusha juu kidogo ya nyusi na nyuma pale kisogo kinapochomoza zaidi, andika sentimita, ndipo uende dukani, kwa maana kila kampuni ina saizi zake. Akishaivaa, funga mkanda, shika helmeti kwa mikono miwili uitikise. Ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo. Helmeti ikisogea peke yake, ni kubwa, hata muuzaji aseme nini. Tazama pia uwazi kati ya ukingo wa mbele na vyuma vya uso, leta mpira wa watoto uujaribu hapo, usipite. Ya mtumba usinunue. Kiatu cha mtumba kinakuonyesha kilipochoka, lakini helmeti iliyokwisha kupokea pigo kubwa inaweza kuwa imepasuka ndani na nje inang'aa.

Na kama pesa ya helmeti haipo, na najua nyumba nyingi haipo, basi nunua kitambaa. Nasema kweli. Kitambaa chembamba cha pamba, mtoto akifunge kichwani kabla ya kuvaa helmeti ya shule, kifuliwe kila siku ya mazoezi. Kinagharimu pesa kidogo sana na kingeniepusha mimi na wiki nane za vidonge.

Nywele za likizo sasa tunazisuka nyumbani, twende kilioni, mistari myembamba inayolala kurudi nyuma. Waganda wenyewe mtindo huo wa mistari huuita biswahili, na binti yangu anafurahi kila akilisikia neno hilo. Hauongezi unene wa maana, na ile skrubu ndogo ya nyuma ya helmeti inatosha kulegeza. Namchana zikiwa na maji, kwa mafungu manne, nikianzia ncha nikielekea shina, na nampaka siagi ya shea ya kaskazini, moo yaa, ninayoletewa kutoka Lira. Ile ya kwetu ni laini, inayeyuka kiganjani bila moto. Na akisema "mama, inavuta," nafumua mstari huo papo hapo. Wazazi wenzangu, mtoto akihitaji kidonge baada ya kusukwa, amesukwa vibaya. Mkilazimisha miaka na miaka, nywele za mbele zinang'oka na nyingine hazirudi tena. Tumerithi kuwaambia watoto wa kike wavumilie kichwa kikivutwa. Mimi nimeacha, na nawaomba muache.

Kaka yake naye alikuwa na njumu za Owino, soko la mitumba hapa Kampala, namba mbili mbele, kwa sababu zilikuwa ngozi halisi kwa Sh 35,000 na sikuweza kuziacha. Akapoteza kucha mbili za vidole gumba na kujikwaa kila mechi, nasi tukimwambia ni mzito. Hakuwa mzito. Sasa tunanunua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa kutwa, akiwa na soksi zake za mpira, na mbele ya kidole kirefu naacha nafasi ya upana wa kidole changu. Kila likizo napima upya. Za zamani wanachukua watoto wa jirani, kwa njumu hilo ni sawa.

Jumamosi iliyopita binti yangu alicheza mechi yake ya kwanza na wasichana wanaomzidi miaka miwili. Helmeti mpya, sentimita 53, tumeinunua Agosti baada ya kuweka akiba tangu Mei. Ova ya pili mpira uliruka uleule, pembeni ya kichwa, nikasikia mlio wake nikiwa kwenye nyasi za upande wa pili na mikono yangu ikafa ganzi. Helmeti haikusogea. Akajigusa nyusi ya kushoto, akatazama kule nilikokaa, akarudi kwenye mstari wake. Alitengeneza mikimbio kumi na mmoja. Mwalimu ameitwaa helmeti aikague kabla hajaivaa tena, na ikibidi nyingine, tutaanza upya kuweka akiba.

Ile ya kwanza ilikuwa bado inaning'inia nyuma ya mlango wa stoo. Mama mmoja wa darasa lao aliiona mwezi uliopita akaniomba nimuuzie, ana mtoto wa kiume, atakua ataijaza. Nilimkatalia, naye hakufurahi. Jana usiku, nilipomaliza kumwandikia mama wa Arua, nilichukua mkasi nikaukata mkanda wake.