Jongoo mweupe wa pangoni: ni spishi mpya?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi natembeza wageni huku Gede na Watamu. Kwenye pango moja la popo nimeona jongoo mwembamba, mweupe kama uzi, hana macho. Je, ni spishi mpya? Na jina nitampa mimi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Weupe peke yake haunishtui. Hata jongoo mkubwa mweusi wa shambani, akishajivua gamba, huwa mweupe hadi ganda jipya likomae. Watoto nao huwa wamepauka, tena wana miguu michache, maana pingili huongezeka kila wanapojivua. Ila ukiniambia hana macho, na miguu na papasi zake (vipapasio vya kichwani) ni ndefu kuliko kawaida, hapo nasogeza kiti, kwani hizo ni dalili za kiumbe aliyezoea kuishi gizani.

Jibu lenyewe liko kwa dume mzima. Mlaze chali, hesabu pingili kutoka kichwani mpaka ya 7. Kwa majongoo wengi, pale penye miguu ya kutembelea utakuta vijiungo vilivyojikunja, ambavyo dume hutumia kumpa jike mbegu. Umbo la vijiungo hivyo hutofautiana spishi kwa spishi, kama meno ya ufunguo. Tunaving'oa, tunaviweka chini ya hadubini, tunavichora, kisha tunalinganisha na ndugu zake wote waliokwisha kuandikwa, hata kwenye makaratasi ya zamani ya Kijerumani. Ukiniletea majike matupu, mara nyingi nakwama.

Haraka haipo. Kule California jongoo mmoja tu aliokotwa pangoni mwaka 2006. Maelezo yake yalichapishwa 2016 kwa jina Illacme tobini. Alikuwa na miguu 414.

Jina hutolewa na anayechapisha maelezo, na yule jongoo wa mfano, yaani aliyetumika kuandika maelezo hayo, huhifadhiwa makumbusho, kwa mfano ya Nairobi. Aliyemwona kwanza anaweza kuenziwa kwa jina lake, lakini hiyo ni hisani, si haki.

Usimkusanye bila kibali cha NACOSTI (tume ya sayansi ya Kenya) na KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), na pango likiwa la kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, wazee waulizwe kwanza. Wahenga walisema ukitupa jongoo, tupa na mti wake. Sisi huuweka huo mti: kila chupa ya spiriti ina kikaratasi ndani chenye mahali na tarehe, kwa penseli, kwani wino huyeyuka.

Kwa sasa nipigie picha ya ubavuni, karibu, ukiweka rula kando. Uniambie pia kama alikuwa juu ya mavi ya popo au kwenye mwamba mtupu, na kama walikuwapo wenzake weupe vilevile.