Usiiondoe hiyo barua, soma hii kwanza kabla ya Jumanne

Nimesoma swali lako nikiwa ndani ya matatu ya Mtwapa mpaka nikapitishwa steji, manake damu ilinichemka. Wasema wewe ni mhadhiri, umemwandikia mkuu wa skuli, yaani kitivo chenu hapo chuoni, ukilalamika kwamba maksi ulizopeleka wewe si zile zilizofika kwenye bodi ya skuli, na sasa amekuita Jumanne "muongee tu kama familia", na amekuomba uje na kijibarua cha kuliondoa lalamiko ndio apate nguvu ya kumkabili mwenyekiti wa idara. Halafu umeuliza uenyekiti wa idara huwa wa kuchaguliwa ama wa kuteuliwa, na kama ujiunge na UASU, chama cha wahadhiri. Hayo ntayafikia. Kwanza hiyo barua USIIONDOE. Usiniulize mbona napiga kelele.

Mimi nilikaa kwenye kiti hicho hicho. Chuo sikitaji, kiko kisiwani ama ng'ambo hiyo si shughuli yako. Ofisi ya mzee, mkuu wa skuli yetu, ilikua na AC kali mpaka wasahau uko Mombasa, mezani chupa ya kahawa ya tangawizi na sahani ya kaimati. Akaniambia, "Mwanangu, sisi watu wa pwani hatushtakiani, mambo huisha kiungwana." Mimi nikayeyuka pale pale. Akanipa ahadi tatu nzito nzito: mwenyekiti ataitwa, shiti ya maksi itarudishwa kama ilivyokua, na muhula ujao ntarudishiwa kozi zangu. Nikasema sawa mzee, nikapange maneno ya barua. Akanambia usihangaike. Akaigeuza komputa upande wangu, kumbe barua ishaandikwa! Jina langu lipo, namba yangu ya kazi ipo, sentensi mbili tu: naliondoa lalamiko langu la tarehe fulani, nashukuru ofisi kwa kunisikiliza. Ahadi hata moja haimo. Ikatoka kwenye printa bado ina joto, na kalamu akanipa yake. Nikasaini, nikala kaimati mbili tatu, nikatoka najiona mtu mzima aliyejua kuishi na watu.

Lo.

Muhula uliofuata akaja mtahini wa nje. Wale huvuta karatasi za wanafunzi wachache wakalinganisha na shiti. Huyu alikua na macho. Karatasi ina 34, shiti ina 58. Nyengine 29, shiti ina 51. Na kile kinachoniuma mpaka leo ni kwamba ukurasa wa mwisho wa shiti, ule wenye sahihi yangu, ulikua wangu kweli, ila kurasa za kati ndio ngeni, hata maandishi yake madogo kidogo kuliko ya kwangu na ukiziweka pamoja unaona. Lakini nani ataziweka pamoja na mimi nshatia sahihi? Mwenyekiti hakuguswa. Barua ya shoo-kozi, ya kunitaka nijieleze kwa nini nisiadhibiwe, ikaja kwangu, tena mesenja aliileta darasani mbele ya wanafunzi, wakadhani nimepandishwa cheo wakanipigia makofi. Nilicheka pia, ningefanyaje.

Nikaenda HR kifua mbele, nikawaambia mimi ndiye niliyelalamika kuhusu maksi hizi hizi, vuteni faili. Wakavuta. Ndani ya faili mna barua moja tu, ile ya kuondoa lalamiko. Lalamiko lenyewe halimo, na mimi nililipeleka kwa mkono bila kugongewa muhuri wa kupokelewa kwa sababu sekretari ni jirani yangu nikaona haya kumdai muhuri. Kwenye kamati ya nidhamu wakaniuliza swali moja: kama kweli maksi zilibadilishwa na ulijua, mbona uliondoa malalamiko na ukashukuru? Jibu hilo swali wewe unayesoma, mimi lilinishinda. Mzee wa kaimati akasema hakumbuki ahadi yoyote. Hakumbuki! Kahawa anakumbuka?

Na usidhani mahakama ingeniokoa. Wakili alinieleza kwamba sheria ya haki katika maamuzi ya utawala ya 2015 inataka umalize kwanza njia za ndani za taasisi kabla ya kwenda kortini. Njia yangu ya ndani ilikua ndio lile lalamiko, na niliifunga mwenyewe kwa kalamu ya kuazima. Ukiondoa barua si kwamba umerudi sufuri, uko chini ya sufuri, manake sasa kuna karatasi ya mkono wako inayosema huna shida. Nilitoka na onyo kwenye faili, na uhadhiri mwandamizi ukanipita, vijana niliowapokea wakiwa tutofelo, wahadhiri wa ngazi ya chini, leo ndio wanaoniongozea vikao.

Kilichonikera zaidi ni yule mzee kuninukulia Katiba, ibara ya 159, ati inahimiza upatanishi. Nikashika kichwa nikasema kweli, msomi huyu. Ile ibara yazungumzia namna mahakama zitakavyotoa haki! Na hata upatanishi wa kortini ukifaulu huandikwa, pande zote zikasaini, ukawa amri ya korti. Hakuna hata mmoja unaoishia kwenye kaimati. Na isitoshe maksi si mali ya mkuu wa skuli. Zikishapita idara na bodi ya skuli zinaenda Seneti ya chuo, na mambo ya masomo na mitihani ni ya Seneti, kwa hivyo alikua akiniahidi kurudisha kitu ambacho huenda kilishamtoka mkononi. Nilikua na digrii tatu na sikuliwaza hilo.

Sasa Jumanne nenda, usigome, ukigoma watasema ndiye mkorofi. Kunywa kahawa. Ila akikwambia ondoa, mwambie mzee nakubali suluhu kwa roho safi, tuandike tulichokubaliana: nani atafanya nini, mpaka tarehe gani, tusaini wote, nakala iende HR na kwa msajili, na likishatimizwa lote ndio ntaandika limekwisha. Mpaka hapo lalamiko linasimama. Akikasirika umepata jibu lako. Usiku huo huo mtumie imeli ya adabu, "asante kwa kikao cha leo, nilivyoelewa tumezungumza haya na haya", asipokanusha hiyo ni yako. Na nakala zisikae kwenye imeli ya chuo pekee, siku wakikusimamisha kazi imeli ndio huzimwa kwanza.

Omba pia kwa maandishi nakala za shiti kila ilipopita, idara, skuli, Seneti. Kama chuo chenu ni cha umma, sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Mimi nililijua hilo nilipokua sina cha kuomba tena.

UASU jiunge, ndio, tena leo. Sheria ya ajira kifungu cha 41 inakuruhusu kuingia kwenye kikao cha nidhamu na mfanyakazi mwenzako ama mwakilishi wa chama, mimi niliingia peke yangu kama nimekwenda kupigwa picha ya pasipoti. Ijapokua afisa wa tawi letu, yeye pia alinambia "ondoa tu, hapa sote ni familia", kwa hivyo ukijiunga usimpe kila mtu wa chama siri zako.

Uenyekiti wa idara tazama kanuni za chuo chenu, kila chuo na zake, hiyo ni mada ndefu na simu yangu ina asilimia 6. Niambie kwanza barua ya kuondoa ushaiandika? Ikiwa bado, usiiandike. Ikiwa ushaipeleka, niandikie inboksi usiku huu huu, manake kabla ya Jumanne bado unaweza kupeleka nyengine ya kuifuta, na safari hii umwambie sekretari agonge muhuri, hata akiwa shangazi yako.