Kumuuguza mama peke yako

Pole sana, dada. Umesema mwaka wa pili sasa unamuuguza mama aliyepata kiharusi, umeacha kikoba na kwaya, na siku hizi kichwa hakiachi kuuma. Mimi nilimuuguza baba hapa Moshi, kule Pasua. Kumgeuza kila baada ya saa mbili usiku nilikuzoea. Kilichonimaliza ni kaka zangu kupiga simu toka Dar, "Mzee amekula?", asiwepo hata mmoja wa kuuliza kama mimi nimelala.

Kichwa chako kuuma hivyo si kudeka, mzigo wa kuuguza unaingia mpaka mwilini. Mwaka 1995 watafiti wa Ohio, Marekani, waliwatoboa ngozi kidogo wanawake waliokuwa wakiuguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau. Vidonda vyao vilichelewa kupona kwa siku 9 hivi kuliko vya wenzao wasiouguza mtu.

Rudi kikoba wiki hii hii, hata kwa nusu saa. Ndugu usiwaambie "nisaidieni" kwa jumla. Mwambie mmoja, kwa jina: Jumamosi njoo ukae na mama, saa nne mpaka saa kumi. Jirani akileta mtori usimpokelee mlangoni, mkaribishe mpige soga. Na presha kapime kesho, tafadhali, usisubiri siku ya kliniki ya mama.