Magazeti ya zamani ya vifaru: pini zenye kutu na michoro ya 1/76

Ndugu, umeuliza mambo mawili kuhusu magazeti yako ya zamani: pini za stepla zilizoota kutu, na jinsi ya kutumia mchoro wa skeli ya 1/76 (mdogo mara 76 kuliko kitu halisi) kujengea modeli ya 1/35 ya Sherman, kifaru cha kivita cha Marekani.

Anza na pini, maana kutu inakula karatasi. Fungua gazeti kurasa za katikati, inua miguu ya pini kwa kisu butu, kisha geuza gazeti uitoe kutoka upande wa mgongo. Usiivute kwa nguvu; karatasi imeshadhoofika hapo na itachanika. Shona upya kwa uzi wa pamba kupitia matundu yaleyale. Selotepu usiiguse kabisa, gundi yake hugeuka njano na kupenya kurasa.

Kabla ya kushona, piga skani. Karatasi ikiwa imelala bapa, mchoro haupindi kwenye mkunjo. Gawanya 76 kwa 35, unapata 2.17, kwa hiyo kuza hadi asilimia 217. Wengi hukosea hapa: wanaamini skeli iliyoandikwa ukurasani, wakati wachapaji mara nyingine walipunguza mchoro ili uenee. Pima kwa rula. M4A1, toleo mojawapo la Sherman, ina urefu halisi wa mita 5.84, basi kwenye 1/76 lazima upate karibu milimita 77, na ukishakuza, 167. Ukipata 73, gawanya 167 kwa 73: kuza hadi asilimia 229.

Na wakati wa kuchapa, zima ile "rekebisha itoshee ukurasa". Hiyo ndiyo huharibu hesabu yote kimyakimya.