Muulize Fundi: Silensa ya Gari la Kabureta

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya silensa, yaani ule mzunguko wa injini gari likiwa limesimama na mguu hauko kwenye mafuta. Kabureta ni kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli kabla havijaingia kwenye injini. Nimeyapanga kama yalivyonifikia.

Shikamoo fundi. Gari langu la zamani linazima kila nikisimama kwenye taa. Jirani anasema nikaze skrubu ya silensa. Nikaze kiasi gani?

Marahaba. Usiikaze kwanza. Skrubu hiyo haileti dawa yoyote, inazuia tu kile kibao cha hewa ndani ya kabureta kisifunge kabisa. Ukiikaza injini itapanda, utafurahi siku mbili, na ugonjwa uliokuwa unaizima utabaki palepale umefunikwa.

Anza na mipira ya vakyumu, yaani ile inayovutwa hewa na injini. Ikipasuka au ikichomoka, injini inavuta hewa isiyopitia kabureta, na mchanganyiko unakuwa na mafuta kidogo mno. Washa injini, chukua chupa ya kupulizia maji, nyunyizia kidogo kidogo kwenye maungio ya mipira na kwenye kitako cha kabureta, mbali na distribyuta, ile inayogawa umeme kwa plagi. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Wapo wanaopulizia petroli. Majibu wanayapata, lakini juu ya manifoldi (mabomba ya hewa na moshi yaliyofungwa kwenye injini) iliyochemka mimi simo. Usiusahau ule mpira mnene unaokwenda kwenye busta ya breki: kama silensa inabadilika sana ukiwa umekandamiza breki, tafuta huko.

Halafu kuna valvu ndogo ya umeme ambayo kabureta nyingi zinayo, ina waya mmoja. Fungua swichi bila kuwasha injini, chomoa huo waya, uurudishe. Lazima usikie "tik". Ukisikia kimya, basi waya hauna umeme au valvu imekufa, na njia ya mafuta ya silensa imefungwa. Hapo kaza skrubu mpaka kesho, gari litazima tu ukirudisha silensa mahali pake. Mimi nimewahi kufungua kabureta nzima mara mbili, nikaosha na jeti zote (vile vitundu vya kupitishia mafuta), kumbe waya huu ulikuwa umelegea. Mwenye gari hakujua, na sikumwambia.

Kwenye kabureta naona skrubu mbili. Ipi ni ipi?

Mwambie mtu akanyage mafuta injini ikiwa imezimwa. Ile ambayo mkono wa kabureta unaiacha na kurudi kuigusa ndiyo ya silensa. Iliyozama kwenye mwili wa kabureta, chini, mara nyingi na springi shingoni, ni ya mchanganyiko wa hewa na mafuta. Kabureta nyingi za aina ya SU zina mpango wao: mchanganyiko unarekebishwa kwa nati iliyo chini kabisa.

Nimeziba matundu yote, plagi mpya. Sasa naseti vipi?

Toa gari nje kwanza. Moshi wa injini ya petroli una kaboni monoksidi, haina harufu, na kwenye banda lililofungwa inaua.

Taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, iwe imeshasetiwa, maana ukizungusha distribyuta silensa nayo inahama na kazi yako yote inaanza upya. Injini ipate moto kamili, choki (kibao kinachobana hewa injini ikiwa baridi) iwe wazi kabisa, chujio la hewa liwe mahali pake (wengi hulivua ili waone vizuri, kisha wanashangaa mlio ukibadilika wakilirudisha). Zima taa na feni, vuta handbreki, gia iwe huru.

Kama skrubu ya mchanganyiko imeshachezewa na hujui ilipokuwa, zima injini, ikaze polepole mpaka iguse, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Nasema iguse. Ukiilazimisha, ncha yake inachubuka na haitaseti tena maishani. Washa injini, shusha silensa hadi karibu na kiwango, kisha kaza skrubu ya mchanganyiko robo robo hadi injini ianze kuyumba. Rudi nyuma hadi mzunguko upande na utulie. Utakuta silensa imepanda. Ishushe kwa skrubu yake, urudie mchanganyiko. Moja inamvuta mwenzake, kwa hiyo mara mbili tatu ni kawaida.

Injini nyingi za silinda nne zenye gia za mkono hukaa kati ya mizunguko 700 na 900 kwa dakika. Kibandiko kilicho chini ya boneti, kama bado kinasomeka, kina neno la mwisho kuliko mimi.

Sina geji ya mzunguko. Sikio linatosha?

Kwa kuanzia, ndiyo. Injini ya silinda nne kwenye mizunguko 800 inapiga cheche 1,600 kwa dakika, karibu 27 kila sekunde. Huwezi kuzihesabu, lakini ikishuka mno utaona usukani unatetemeka. Kumalizia, azima mita.

Nikizima swichi, injini inaendelea kukukuruka. Ni jini?

Ni masizi. Ndani ya silinda yanabaki mekundu kwa moto, yanawasha mafuta bila plagi. Silensa ikiwa juu mno kibao kinabaki wazi na mafuta yanaendelea kuvutwa, kwa hiyo ishushe kwanza, kisha angalia ile valvu ya umeme kama inafunga. Kwa leo, kama gia ni za mkono: weka gia ya nne, kandamiza breki, achia klachi taratibu. Itanyamaza.

Asubuhi silensa iko juu, na hata injini ikipata moto haishuki hadi nikanyage mafuta mara moja.

Kama choki yako ni ya otomatiki, gari lako ni zima. Kile kijino kinachopandisha silensa wakati wa baridi hakiachii mpaka ukiguse kwa mguu. Gonga mafuta mara moja, uondoke.