Rejeta inavuja? Tafuta tundu kabla hujanunua mpya

Kwa karibu mwezi mzima nilikuwa naongeza maji kwenye rejeta kila asubuhi. Gari lilikuwa halichemshi, na chini hapakuwa na hata tone, nikaamini maji yanakauka tu kwa joto. Sivyo. Mfumo wa kupoza injini umefungwa, kwa hiyo maji yakiwa yanapungua kila siku, kuna mahali yanatokea.

Nilikosea kwa kutafuta injini ikiwa baridi. Injini ikipata moto presha hupanda, na kifuniko cha rejeta kwenye magari mengi huizuia hadi karibu bar 1. Ufa ambao asubuhi umejifumba hufunguka hapo, na matone yakiangukia vyuma vya moto huwa mvuke kabla hayajafika ardhini. Kinachoonyesha ukweli ni pampu ya mkono ya kupimia presha, ile inayofungwa mahali pa kifuniko na kuleta presha hiyo bila injini kuwaka. Injini ikiwa imepoa kabisa, pampu mpaka kiwango cha presha kilichoandikwa kwenye kifuniko, usizidishe, kisha tazama geji. Mshale ukishuka, washa tochi uanze kutafuta.

Hapo nikakosea tena. Niliona mpira wa chini wa rejeta umelowa, nikaubadilisha pamoja na klipu zake, na maji yakaendelea kupungua. Maji huteremka, na feni huyapeperusha kuelekea injini, kwa hiyo palipolowa si lazima pawe ndipo panapovuja. Fuata unyevu hadi sehemu ya juu kabisa. Kulanti, yaani maji ya dawa ya kupozea injini, ikikauka huacha utando mweupe au wenye rangi yake, na utando huo ndio ulionifikisha kwenye ungio la tangi la plastiki la juu na sehemu ya alumini. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Kabla ya kuilaumu rejeta, angalia pia pampu ya maji, ncha za mipira na raba ya kifuniko. Zulia la ndani likilowa na kukawa na harufu tamutamu, kinachovuja ni hita, ile rejeta ndogo ya kupasha joto ndani ya gari. Na kama nje pote ni pakavu, lakini ekzosi inatoa moshi mweupe mzito usiokoma au oili imekuwa kama chai ya maziwa, shuku gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Rejeta mpya haitakusaidia hapo.

Zile dawa za kuziba zinazomiminwa ndani sizipendi. Zinaweza kuziba hata njia nyembamba za hita, na ungio la plastiki likishapasuka halina tiba ya kudumu. Badilisha.

Kazi yenyewe si ngumu, ila inataka utulivu. Usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto, maana maji hayo yanaruka na kubabua uso. Chomoa waya wa betri, kwa kuwa feni ya umeme inaweza kujiwasha yenyewe. Kinga kulanti yote kwenye beseni na uifunike: ni sumu, na utamu wake huvuta mbwa na watoto. Kama giaboksi ni ya otomatiki, huenda mabomba ya oili yake yanapita kwenye rejeta. Yazibe mara unapoyafungua, na mwishoni pima oili ya giaboksi. Linganisha rejeta mpya na ya zamani, tundu kwa tundu, kabla ya kuipandisha. Mapezi yake, yaani vile vibati vyembamba, hupinda kwa kuguswa tu, kwa hiyo mimi huyakinga kwa kipande cha boksi.

Jaza kulanti ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, isipokuwa kama imeshachanganywa kiwandani. Jaza polepole, hita ikiwa kwenye moto wa juu, uache injini iungurume mpaka thamostati (vali inayofunguliwa na joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta) ifunguke na mapovu yaishe. Hewa ikibaki ndani, injini inaweza kuchemsha ingawa rejeta ni mpya.

Nilichora alama kwenye chupa ya akiba, nikawa naitazama kila asubuhi kabla ya kuwasha gari. Siku ya pili maji yalishuka kidogo, hewa iliyokuwa imebaki ilipotoka, nikajazia. Tangu hapo hayajashuka chini ya alama.