Maswali ya Wasomaji: Ngazi Isiyofika Popote

SWALI: Katika kanisa la kale huku Norfolk, Uingereza, nimekuta mlango mdogo ukutani. Ndani yake ngazi ya mawe inapanda, kisha inaishia hewani. Ilikuwa ya nini? Na mbona birika la ubatizo lina vipande vya chuma vilivyozama ukingoni? (Msomaji, Norwich)

JIBU: Ngazi hiyo ilipanda kwenye roshani ya msalaba. Kabla ya Matengenezo ya Kanisa (mageuzi ya Kiprotestanti) ya karne ya 16, ukumbi wa waamini ulitengwa na sehemu ya altare kwa kiambaza cha mbao kilichonakshiwa. Juu yake palikuwa na roshani nyembamba, na juu ya roshani alisimama Kristo msalabani, Maria na Yohane ubavuni. Watu walipanda huko kuwasha mishumaa. Sanamu ziliondolewa enzi ya Edward VI (1547–1553). Mwaka 1561 Elizabeth I akaagiza roshani zibomolewe, ila viambaza vibaki. Ngazi ilinusurika kwa kuwa imejengwa ndani ya unene wa ukuta. Tafuta pia matundu ya boriti pande mbili za tao lililo kati ya ukumbi na altare. Kiambaza chenyewe kikiwapo, chungulia sehemu ya chini: watakatifu wengi wamekwanguliwa nyuso. Ukiweza, nenda kanisa la Ranworth, huko huko Norfolk. Michoro yake ya karne ya 15 ni ya kupigiwa mfano.

Sasa birika. Maji yaliyobarikiwa yalikaa humo siku nyingi, na viongozi wa Kanisa waliogopa yataibwa ili yatumiwe katika uchawi. Mwaka 1236 Edmund, Askofu Mkuu wa Canterbury, akaagiza mabirika yafunikwe na kufungwa kwa kufuli. Komeo lilipita kwenye pete za chuma zilizogandishwa jiweni kwa risasi iliyoyeyushwa. Chuma kikishika kutu huvimba na kupasua jiwe, ndiyo maana ukingo mara nyingi umemeguka hapo hapo. Mifuniko ya awali ilikuwa mbao bapa tu. Ule wa Ufford, Suffolk, ni mnara wa nakshi wa mita 5 na zaidi.

SWALI: Tunaambiwa chini ya chokaa ya kuta zetu kuna michoro. Tukwangue?

JIBU: Hapana, hata kidogo. Michoro mingi ya Uingereza ilipakwa juu ya chokaa iliyokwisha kukauka, kwa udongo mwekundu, wa manjano, na masizi. Rangi haikuzama ndani ya lipu, kwa hiyo tabaka la juu likibanduka huondoka nayo. Kazi hiyo ni ya mhifadhi mwenye kisu kidogo cha upasuaji, tena kwa kibali cha dayosisi. Msipake nta wala vanishi: nta iliyopakwa zamani "kulinda" michoro ilifungia unyevu ukutani, chumvi ikasukuma rangi ikapukutika. Saruji kwenye ukuta wa nje huleta balaa lile lile. Kuzuia unyevu, anzeni na mifereji ya paa.